Deni la Sahani

Chini ya sahani nyingi za nyumbani, upande asioutazama mlaji, kuna alama: tone la rangi ya kucha, herufi mbili zilizochimbwa kwa msumari, mstari wa rangi ya mafuta iliyobaki mlango ulipopakwa. Alama hiyo huwekwa kwa ajili ya shughuli, vyombo vya nyumba kumi vinapochanganyika katika beseni moja la kuoshea. Kazi yake nyingine huonekana wiki ya Krismasi, sahani zinapotoka nyumba hii kwenda ile zimebeba maandazi, visheti na vipande vya keki iliyookwa kwa makaa juu na chini, zimefunikwa kawa au kitambaa cha kufuma, mikononi mwa mtoto aliyeambiwa atembee taratibu na asifunue. Aliyeweka alama amekwisha kusema neno bila kufungua kinywa: chakula ni chenu, chombo ni changu, nami nakisubiri. Pwani yetu, toka Mombasa na Tanga hadi Dar es Salaam na Unguja, adabu inaongeza sharti jingine ambalo hakuna aliyeliandika, kwamba sahani hairudi tupu. Kwa masharti hayo mawili, kinachoitwa zawadi kimekuwa mkopo. Nami nashikilia kwamba ni heri kiwe mkopo. Kwamba thamani ya vitafunio vya Krismasi vinavyopikwa na nyumba nzima na kugawiwa majirani imo katika deni vinaloliacha nyuma, na siku ukarimu wetu wa kisasa utakapofaulu kulifuta deni hilo tutabaki na sukari tupu.

Pingamizi la kwanza linajileta lenyewe. Zawadi inayongoja malipo, watasema, ni biashara iliyovaa nguo za sikukuu, na Krismasi kuliko siku zote inaadhimisha kilichotolewa bure. Mhubiri hodari anaweza kufungua Injili ya Luka, sura ya 14, ambapo mwenye karamu anaonywa asiwaalike rafiki, ndugu wala jirani matajiri, wasije nao wakamwalika akawa amelipwa. Awaalike maskini na vilema na vipofu, wasio na cha kumrudishia. Ni pingamizi zito, maana linawataja majirani waziwazi. Lakini linahusu karamu ya mtu anayenunua heshima, na dawa linayoitoa ni sadaka. Sadaka ina njia yake: inashuka kutoka kwa mwenye nacho kwenda kwa asiye nacho, na inapendeza zaidi ikienda kimya. Sahani ya vitafunio haishuki wala haipandi. Inakwenda ubavuni, kwa mtu ambaye jana alikuazima ngazi na kesho atakusikia ukikohoa usiku. Mwaka 1925 Mfaransa Marcel Mauss alichapisha insha yake maarufu juu ya zawadi, akiwa amekusanya habari za Polynesia, Melanesia na pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika, akaonyesha kwamba alikotazama kote zawadi ilikuja na amri tatu: utoe, upokee, urudishe. Bibi yeyote wa Pangani angemwambia hayo bila kuvuka bahari, ila angeongeza kwamba mkono mtupu haulambwi. Mauss aliona kuwa anayekataa kupokea amekataa undugu, na anayekataa kurudisha amejishusha. Kama hivyo ndivyo, basi mtaa ambao watu wanapeana bila kudaiana ni mtaa wa watu wasiohitajiana, na watu wa namna hiyo huhama bila kuagana.

Na aliye maskini je? Hapa ndipo wengi hudhani hoja imekwama, maana deni humwelemea zaidi asiye na kitu. Lakini tazama sahani inavyorudi kweli. Inarudi na ndimu tano, na mayai mawili, na fungu la mchicha uliochumwa nyuma ya nyumba, na robo ya sukari, na kipande cha muhogo uliochemshwa asubuhi hiyo. Haipelekwi kwenye mizani. Hakuna anayehesabu maandazi sita dhidi ya ndimu tano, na atakayehesabu kwa sauti atasemwa mtaa mzima mpaka Pasaka. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri: methali hiyo huelekezwa kwa mtoaji, lakini inamlinda mrudishaji vilevile. Kinachomwumiza maskini ni kusamehewa. Mwambie jirani asijisumbue, sahani airudishe hivyo hivyo, na umemwondoa katika safu ya watu unaodaiana nao ukamtia katika safu ya watu unaowasaidia. Safu hiyo ya pili ina huruma nyingi, lakini haina kiti cha kukalia.

Inafaa kuuliza pia kwa nini kinachovuka ua kwa wepesi zaidi ni unga. Pilau nayo hutumwa, na harufu yake haina mpinzani, lakini pilau hubeba swali ndani ya mchele: nani alichinja? Katika miji yetu yenye dini mbili swali hilo lilikwisha kupata jibu la kimyakimya. Machinjioni kisu hushikwa kwa kawaida na Mwislamu ili nyama iliwe na wote, na familia nyingi za Kikristo za pwani zenye harusi humwita jirani Mwislamu aje achinje, kwa sababu hawataki nusu ya waalikwa wale wali kwa kachumbari. Jibu hilo si la chuma. Februari 2013 huko Buseresere, mkoani Geita, ugomvi wa nani ana haki ya kuchinja ulifika mahali mchungaji mmoja akauawa, na serikali ikahangaika kwa miezi kutuliza Kanda ya Ziwa. Kisu kile kile kilichokuwa kimeweka watu meza moja kiliwatenganisha. Andazi halichinjwi. Unga wa ngano, sukari, hamira, tui la nazi, iliki iliyotwangwa: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichowahi kuwa na roho ya kutoka, na hakuna sheikh wala padri anayehitajika kukisimamia. Kashata haiulizwi imetoka kwa nani. Mkate wa kumimina, mchele wake ukilowekwa usiku na kusagwa asubuhi, ukamiminwa ukiwa umeumuka na kupaliwa makaa juu ya kifuniko, unaliwa Idi, unaliwa Krismasi, unaliwa matangani, na haujawahi kugeuza dini ya mtu. Anayesema vitafunio ni vitu vya watoto hajafikiria ni mizigo gani mingine inayokwama getini.

Unga nao una mipaka yake, na mipaka hiyo inafundisha zaidi ya urahisi wake. Keki ya Krismasi ya Waingereza, ile iliyotangulia kufika na wamisionari na maofisa, ni nzito kwa zabibu kavu na matunda yaliyolowekwa katika brandi wiki kadhaa. Keki hiyo haiwezi kupelekwa kwa jirani Mwislamu, na mpishi wa Kikristo anayejua anakopeleka sahani zake huiacha brandi dukani, akaweka iliki, au maji ya machungwa, au asiweke kitu. Hakuna aliyemlazimisha. Jirani ameingia kwenye unga kabla haujakandwa. Sheria ya nyumba ya pili imekuwa kipimo katika mapishi ya nyumba hii. Waislamu nao wana mafundisho yanayoelekea huko huko: imepokewa katika hadithi ya sahaba Abu Dharr kwamba Mtume alimwagiza azidishe maji ya mchuzi ili majirani wapate. Jambo hilo linanivutia kwa sababu ya kutokuwa na ukubwa. Halitaki mbuzi wa pili. Linataka maji, yaani mpishi awe amewakumbuka wengine wakati sufuria ingali motoni, wala si baada ya familia kushiba na kubaki kinachobaki. Makombo yanayogawiwa ni usafi wa jikoni. Kilichokadiriwa tangu mwanzo kuwa cha fulani, hata kikiwa visheti vitano, kimempa fulani nafasi katika nyumba ambayo huenda hajawahi kuingia zaidi ya kizingitini.

Wapo walimu, wa Kiislamu na wa Kikristo, wasiokubali. Kuna wanaofundisha kwamba kula kilichopikwa kwa sikukuu ya dini nyingine ni kushiriki ibada yake. Wengine wanajibu kwa kutaja Sura ya Al-Maida iliyohalalisha chakula cha Watu wa Kitabu. Upande wa pili kuna wasiogusa kilichotoka kwenye Idi ya Kuchinja, na wenzao huwakumbusha ushauri wa Paulo kwa Wakorintho, kula unachowekewa bila kuhoji, ila uache ikiwa dhamiri ya mwenzako itajeruhiwa. Mashahidi wa Yehova hawaadhimishi Krismasi hata kidogo. Sioni haja ya kumshinda yeyote kati ya hao. Mtu anayekataa kwa maneno mazuri hajavunja ujirani. Ametoa habari zake, na habari hizo ni sehemu ya deni. Kwake sahani itakwenda tarehe 28, haina salamu za sikukuu ndani yake, ina maandazi tu, na ataipokea. Lila na fila havitangamani, ni kweli, lakini kuna watu wengi mno wanaoita fila kila wasichokizoea.

Nimesema nyumba nzima hupika, na hapo kuna pingamizi ambalo kulijibu kwa kuwasifu kina mama ni kulikimbia. Nani anakalia mbuzi ya nazi? Nani anakamua machicha kwenye kifumbu, nani anatwanga iliki, anachekecha unga, anakanda mpaka donge liache kushika vidole, anaamka saa kumi alfajiri kutazama kama hamira imefanya kazi? Nani anakaa mbele ya karai la mafuta yanayotokota siku ambayo joto la Desemba peke yake lingetosha kukaanga? Mara nyingi ni mama, binti yake mkubwa, na msichana wa kazi ambaye naye ana kwao anakotamani kuwa. Kisha sahani inatoka kwa jina la baba: hizi zimetoka kwa mzee fulani. Wanaotetea mpangilio huo husema mwanamume wa pwani hana mkono wa jikoni. Ushahidi uko dhidi yao. Tembelea harusi kubwa ya Mombasa au Unguja uone ni nani mara nyingi husimama juu ya masufuria ya pilau na biriani yanayopakuliwa kwa koleo. Pita asubuhi kwenye vibanda vya chai uone ni mikono ya nani inasukuma chapati na kugeuza maandazi. Mikono ya wanaume inajua unga vizuri sana ikiwa kuna malipo. Kwa hiyo tatizo halikuwa ufundi. Na hapa hoja ya deni inarudi nyuma mpaka ndani ya nyumba: kama sahani ni dhamana ya familia, basi sahani iliyojazwa na watu wawili waliochoka, huku wengine sita wakingoja kuonja, imewekewa sahihi ya uongo. Jirani anapelekewa neno la nyumba ambayo haijasemezana. Keki ya mkaa ingefaa kuwa mwalimu mzuri hapa, maana mtu mmoja haimudu: yupo wa kupiga siagi na sukari mpaka rangi ififie, yupo wa kutandaza mchanga chini ya sufuria, yupo wa kusogeza makaa ya kwenye kifuniko kidogo kidogo yasiunguze juu kabla ya ndani kuiva. Mvulana wa miaka kumi anaiweza kazi hiyo ya mwisho, na ataikumbuka kuliko zawadi yoyote ya plastiki.

Gharama ni pingamizi la wazi na halihitaji maneno mengi. Ngano yetu kwa sehemu kubwa huja kwa meli, ndiyo maana vita vya Ukraine vilivyoanza Februari 2022 viliingia mpaka kwenye karai la mama ntilie. Na mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipozuia uvunaji wa miwa, sukari iliadimika Tanzania mpaka watu wakapanga foleni. Mtaa wenye adabu hupunguza ukubwa wa andazi kabla ya kupunguza idadi ya nyumba.

Tishio kubwa zaidi ni jema kwa sura, nalo ni boksi. Siku hizi vitafunio vya Krismasi vinaweza kuagizwa kwa simu, vikaletwa na bodaboda ndani ya boksi jeupe lenye utepe, au vikapikwa nyumbani na kutiwa katika chombo chembamba cha foili ambacho mtoaji, kwa ukarimu, anasema kisirudishwe. Ni rahisi, ni safi, na keki ya duka mara nyingi imepanda kuliko ya makaa. Siwalaumu wanaonunua, mtu aliyetoka kazini saa tatu usiku tarehe 24 hawezi kukaa chini kutwanga iliki. Ila tuone kilichotokea. Hakuna alama chini ya boksi. Hakuna cha kurudisha, kwa hiyo hakuna safari ya pili, na safari ya pili ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi. Zile nyumba za Kiswahili za vyumba sita na ukumbi katikati, zenye ua mmoja wa kupikia kwa wapangaji wote, hazikuhitaji mpango wowote wa ujirani. Wakati mwingine ziliulazimisha hata pale usipotakiwa, na tusizipambe kupita kiasi, maana katika ua ule ule watu waligombana kwa ndoo ya maji. Nyumba ya ukuta na geti imewapa watu utulivu wanaoustahili. Lakini katika mtaa wa mageti, sahani inayodaiwa ndiyo karibu sababu pekee iliyobaki ya mtu kugonga bila kuwa na msiba, mchango au malalamiko. Ukimwambia jirani akitupe chombo, umemwondolea sababu hiyo. Wema hauozi, wahenga walisema; hawakusema kwamba hautupwi pamoja na boksi lake.

Deni zuri, zaidi ya hayo, linahitaji muda, na kalenda zetu mbili zimelipa muda kwa namna ambayo hakuna mtu angeweza kuipanga. Krismasi imepigiliwa tarehe 25 Desemba. Idi hutembea, kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11, hivyo huzunguka misimu yote na kurudi ilipoanzia baada ya miaka kama 33. Kwa hiyo umbali kati ya sahani ya Krismasi na sahani ya Idi haufanani miaka miwili mfululizo. Mwaka 2017 Idi el-Fitri ilikuja mwishoni mwa Juni, nusu mwaka kamili toka Krismasi, na deni lilikuwa na nafasi ya kupumua. Mwaka 2000 Idi hiyo ilifuata Krismasi kwa siku mbili tu, sahani zikapishana njiani zingali na mafuta. Mwishoni mwa 2006 Idi ya Kuchinja ilifika kabla Desemba haijaisha. Hesabu haziwezi kufungwa katika mpango kama huo; daima kuna anayedai na anayedaiwa, na miaka ikipita hakuna anayekumbuka nani alianza. Krismasi za 1998 na 1999 ziliangukia ndani ya Ramadhani, na mpishi Mkristo mwenye majirani waliofunga alijua kwamba sahani ya saa nne asubuhi, hata ikiwa imejaa, ni ukosefu wa adabu. Kwa hesabu ya kalenda, Krismasi ya 2031 itaangukia tena ndani ya Ramadhani, na ya 2032 vilevile. Maandazi yaliyokaangwa alfajiri yatakuwa yamekakamaa ikifika adhana ya magharibi. Unga itabidi ukandwe mchana, karai liinjikwe saa kumi, sahani zitoke saa kumi na mbili kasoro wakati nyumba ya pili wanapanga tende na uji. Ya mzee mwenye kisukari iandaliwe mbali, isiyotiwa sukari. Ya wale wasioadhimisha ingoje siku tatu. Waliokuwa wakibeba sahani mwaka 1999 watakuwa watu wa miaka arobaini hivi, wengi wao nyuma ya mageti, na kazi ya kupanga saa hizo itakuwa yao. Itabidi kwanza waulize jirani anaitwa nani.